Jina Lililokuwa Chini ya Maji

Mwaka 1972 serikali ya Zaïre ilisema majina ya kizungu yaishe, na mimi, Barnabé, nikapewa siku chache za kujitafutia jina la babu. Wenzangu kazini walikuwa na mababu wa kumwaga. Kwetu majina mazuri yote yalikuwa yameshachukuliwa: kaka yangu alikuwa Mwamba, binamu yangu Mbuyu, hata mlevi wa ukoo alikuwa na jina la chifu. Moja tu lilikaa bure, kama kiti cha mbele kanisani: Kisimba, baba mzazi wa baba yangu. Nikalichukua, nikajiona mjanja. Sikujiuliza kwa nini kiti kizuri namna hiyo kilikuwa kitupu.

Shangazi yangu Ndaya, binti wa huyo Kisimba, alikuwa anamenya karanga nilipomletea habari. Mikono ilisimama.

"Umeandika? Na kalamu?"

"Na kalamu, tantine, na tampon ya zone juu yake."

Kusikia muhuri wa ofisi ya zone, aliacha karanga pale pale, akaingia nyumbani, na sikumwona tena mpaka kesho yake. Mimi nilicheka. Nilidhani ana wivu.

Mwaka uliofuata mke wangu Odile alipoteza mimba ya miezi saba. Mwaka 1974, ya miezi minane. Hapo nikaacha kucheka, angalau nyumbani. Septemba 1975 alikuwa na mimba ya tatu, miezi sita, na alitembea kama mtu aliyebeba mayai kichwani kwenye njia ya mawe. Hatukununua hata kitambaa cha mtoto.

Tulikaa kwenye bwawa la Lukemba, mwendo wa nusu siku kwa lori kutoka Kolwezi. Msilitafute kwenye ramani kubwa. Nzilo ndilo bwawa ambalo wakubwa hupigia picha. Letu ni mdogo wake, yule asiyealikwa kwenye harusi. Kazi yangu ilikuwa kusoma maji. Kando ya ukuta kulikuwa na ubao mrefu wa chuma wenye namba, na kila asubuhi nilikwenda kuangalia maji yamefika namba gani, nikaandika kwenye daftari, nikaenda kunywa chai. Namba hizo zilikuwa mita, zilihesabiwa kutoka baharini, ambako sijawahi kufika. Ziwa likijaa lilisoma 1252. Tangu walipofunga milango ya bwawa mwaka 1954, halikuwahi kushuka chini ya 1247.

Septemba hiyo, mlango wa chini wa bwawa ulikuwa umeliwa na kutu na ulihitaji kutengenezwa. Tukatangaziwa kwamba ziwa litamwagwa lote, mpaka kwenye mto wa zamani. Kazi ingeisha Ijumaa jioni. Jumamosi saa mbili asubuhi king'ora kingelia mara tatu, milango ingefungwa, na maji yangeanza kupanda tena.

Maji yalishuka wiki mbili nzima. Jumatano ya wiki hiyo ya mwisho shangazi akaja mlangoni, bado na jembe begani.

"Barnabé, ile maji yenu imeshuka mupaka wapi?"

"Mupaka mutoni, tantine. Utaona samaki zinatembea na miguu."

"Usinichekeshe. Odile iko na miezi ngapi?"

"Sita."

"Ya kwanza ilikufa na saba. Ya pili, nane. Sasa tunangojea nini?" Aliweka jembe chini. "Ile jina, haukulomba."

"Nililomba ku zone. Bakanipa na tampon."

"Tampon ya zone haifikake chini ya maji."

Katika ukoo wetu jina la marehemu haliokotwi tu. Unakwenda kwenye kaburi lake na munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi. Unapiga magoti, unapiga makofi polepole, unamwaga kidogo, unasema wewe ni nani na unataka nini. Kisha unasimama, unageuka na kuondoka, na hutazami nyuma mpaka ufike nyumbani. Mtu aliyepewa kitu hageuki kuangalia kama mwenyewe anamfuata ili akichukue. Ukitazama nyuma, umekirudisha kwa mkono wako.

Haya yote niliyajua tangu utoto. Lakini kaburi la babu lilikuwa chini ya mita kumi na tatu za maji, na mimi nilijiambia kwamba mtu aliye chini ya maji hasikii majina ya ofisini.

"Ijumaa asubui," shangazi alisema. "Mi njo najua fasi kaburi iko. Batu bengine bote balisha kufa."

Alhamisi nikamwambia mwenzangu wa zamu, Badibanga, kwamba nina malaria na kesho sitakuja.

"Malaria ya bibi ao malaria ya munkoyo?" akauliza.

"Ya kawaida."

"Basi lala. Nitakusomea maji yako."

Ndivyo nilivyohakikisha kwamba hakuna mtu hata mmoja kazini atakayejua niko wapi.

Tuliteremka jua likichomoza. Mimi, ambaye nililisoma lile ziwa miaka saba, sikuwa nimewahi kuliona. Lilikuwa bonde. Matope yalikuwa yamekauka juu na kupasuka vipande vipande, na yalinuka kama kikapu cha samaki kilichosahaulika. Miti ilisimama bado, myeusi, bila matawi. Pembeni vilima vilikuwa vinaungua, maana ni msimu wa kuchoma pori, na moshi ulikuwa umekaa juu ya bonde kama kifuniko cha sufuria. Hakukuwa na ndege. Nilisikia mwenyewe nikimeza mate.

"Hapa ilikuwa njia ya kwenda kwa misioni," shangazi alisema, akionyesha mahali ambapo mimi niliona matope tu. "Pale, nyumba ya mama Shida. Ule mutaro njo kijito. Tulikuwa tunalobeka mihogo mule."

Alitembea haraka, kibuyu cha munkoyo kifuani, akisimulia bila kuulizwa, kama mtu anayeogopa kunyamaza. Wazungu watatu walikuja na hema mwaka 1949, alisema. Walikuwa na darubini yenye miguu mitatu. Walitafuta mtu mrefu, mtulivu, wa kushika mti wa kupimia, ule wenye rangi nyekundu na nyeupe. Walimpata baba yake.

"Babu Kisimba?"

"Yeye. Balimuambia: simama hapa. Anasimama. Bazungu banaangalia, banaandika. Tena: simama kule. Miezi minne, kazi yake paka kusimama, kusimama tu."

Kila aliposimama, walichimba na kupanda jiwe la saruji. Tulikuwa tumeshayapita kadhaa. Yalikuwa yamepangwa kwa mstari mmoja kutoka kilimani mpaka mtoni, na kila moja lilikuwa na bamba dogo la shaba lenye namba. Nilifuta matope kwenye moja kwa kiganja: 1241. Namba zangu, zile zile za ubaoni. Nilikuwa sijui kwamba zina nyumba.

Lililofuata lilisoma 1240, na la mwisho, karibu kabisa na mto, 1239. Hapo shangazi akasimama.

"Hii fasi," alisema.

Hakukuwa na makaburi. Kulikuwa na lundo la mawe peke yake, na juu yake beseni la bluu la bati, limepinduliwa na kutobolewa katikati, kama tunavyotoboa vyombo vya marehemu.

"Tantine, makaburi ya kijiji iko wapi?"

"Kule juu. Kwa mutelemuko."

"Na yeye, kwa nini iko huku chini?"

Alipiga magoti, akaanza kusafisha beseni kwa kitambaa chake.

Walipotangaza kwamba maji yatakuja, alisema, wanakijiji waliona kwamba kila mahali Kisimba aliposimama ndipo maji yatakapofika. Wakasema ameliuza bonde kwa miguu yake. Mwaka 1953 akafa kwa homa. Wazee wakasema asilale na wenzake juu. Azikwe mtoni, kwenye namba yake ya chini kabisa, maji yamfunike yeye kabla ya mtu mwingine. Na jina lake lisipewe mtoto yeyote, lizame naye.

"Baba yako alikuwa Kolwezi, mu kazi ya mugodi. Balikuja kwangu, sababu mi ni mukubwa wa batoto. Balilomba niitike." Alitazama beseni. "Nikaitika. Hii beseni nilileta kwa kujificha."

Basi ndiyo maana kiti kilikuwa kitupu. Mimi nilikwenda zone na kalamu, nikakikalia huku nacheka. Na tangu 1972 shangazi huyu hakuwahi kuniita tata, yaani baba, kama binti anavyomwita mtu mwenye jina la baba yake. Nilidhani ni kiburi. Ilikuwa hofu. Kila aliponiona alimwona baba yake, ambaye yeye mwenyewe alikubali atupwe.

"Kwa nini haukuniambia?"

"Ningekuambia namna gani? Ulisha kuandika."

Nilipiga magoti kando yake. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, nimepigwa na maisha pande zote, nimekula panya wakati wa vita vya jimbo letu kujitenga, na sikuwahi kuogopa lundo la mawe. Niliogopa lile. Tulipiga makofi. Shangazi alimwaga munkoyo, nao ukapotea katika nyufa haraka, kana kwamba kuna mtu mwenye kiu.

"Tata," alisema, "ni mi, Ndaya. Niliitika. Nilikosa. Huyu hakujua. Mutoto wake asilipe."

Mimi nilisema jina langu, nikasema la Odile, nikasema kwamba nataka mtoto wangu azaliwe mzima. Mzaha wote ulikuwa umeniishia. Tukasimama, tukageuka.

Hapo king'ora kikalia.

Mara ya kwanza nilijiambia ni treni. Mara ya pili nilijua hakuna treni. Mara ya tatu shangazi alinishika mkono.

"Ni nini?"

"Bafunga milango."

"Ulisema kesho!"

"Bao njo balisema kesho!"

Baadaye nilielezwa. Mafundi walikuwa wamemaliza siku moja kabla ya tarehe, jambo ambalo katika Zaïre nzima, kwa ninavyojua mimi, lilitokea mara moja tu, na siku hiyo mimi nilikuwa chini ya ziwa.

Nilijua hesabu. Katika daftari la 1954 niliwahi kusoma, kwa kujifurahisha, kwamba mita ya kwanza ilijaa kwa muda wa robo saa, maana chini bonde ni jembamba. Mita moja si kitu ukiwa mlimani. Mahali tambarare, maji yakipanda kiganja kimoja, yanatembea hatua mia.

"Tuende," nikasema. "Na tusiangalie nyuma."

"Mi najua sheria. Weye njo ushikilie macho yako."

Tulianza kwenda kuelekea 1240. Upepo ulikuwa umegeuka na moshi umeshuka mpaka chini. Kilima hakikuonekana, wala miti. Nilijua tu kwamba jiwe lenye namba kubwa liko mbali zaidi na maji. Kama babu alikuwa amesimama sawasawa miaka ile, mstari wake ungetutoa. Kama wanakijiji walikuwa wamesema kweli juu yake, basi siwezi kusema ungetupeleka wapi.

Nyuma yangu nilisikia kitu kama mafuta kwenye kikaango. Ilikuwa udongo mkavu unakunywa maji. Sauti ilikuwa mbali, halafu si mbali sana. Shingo yangu iliwasha. Sijui kama mmewahi kukatazwa kutazama kitu kinachokuja kukuua. Mwili mzima unakuwa jicho moja, na liko kisogoni.

Kisha wakatupita wadudu. Nyenje, buibui, siafu wenye mayai midomoni, mijusi midogo, wote wakitoka nyuma yetu na kukimbilia mbele, maelfu, juu ya viatu vyetu, bila hata kutuangalia. Shangazi alianza kusali rozari, akakosea, akaanza tena.

1240. Niligusa bamba lile kwa mkono. Kwa dakika moja nilifurahi.

Kati ya 1240 na 1241 kulikuwa na kile kijito cha zamani cha kulowekea mihogo. Asubuhi tulikivuka bila kufikiri. Sasa maji yalikuwa yamepita kwa chini, na gamba la juu lilikuwa gumu lakini ndani ni uji. Mimi nilivuka kwa kuruka. Shangazi alikuwa hatua kumi nyuma yangu.

"Barnabé!"

Nilisimama, mgongo kwake.

"Uko wapi, tantine?"

"Mu matope! Mupaka kwa mapaja! Mguu haitoke!"

Nilisikia maji yakimfikia. Yana sauti yake yakigusa nguo.

Niwaambie ukweli: sikukimbia mara moja kumsaidia. Nilisimama pale, nikafikiri juu ya Odile, juu ya tumbo lake, juu ya miezi saba na minane. Huyu mama ana miaka sitini, nilifikiri. Nilifikiri hivyo kweli, kwa maneno hayo hayo, na mpaka leo naona aibu kuyaandika.

"Enda!" alipiga kelele. "Usigeuke! Enda kwa muke yako!"

Nikarudi kinyumenyume. Hatua tatu, nikazama mpaka magotini na nusura nianguke chali. Nikafumba macho, nikageuka na macho yamefumbwa. Nilijiambia kwamba mtu aliyefumba macho hajatazama. Hata hakimu wa zone angekubali. Nikapapasa hewani mpaka nikapata mkono wake. Nikavuta. Hakutoka. Nikavuta tena, akalia kwa maumivu. Maji yalinifika magotini, ya baridi. Sikujua mguu wake uko wapi wala umeshikwa na nini, na kila nilipovuta nilihisi namzamisha.

Nikafungua macho.

Sikuona wimbi. Ndilo lililonitisha zaidi. Maji yalikuwa tambarare, ya kahawia, kimya, yameenea mpaka mahali ambapo moshi uliyameza, na jiwe la 1240, ambalo nilikuwa nimeligusa sasa hivi, halikuwepo. Shangazi alikuwa ameinamisha uso kifuani. Mguu wake ulikuwa umeingia katikati ya mizizi miwili. Nikatia mikono ndani ya tope, nikavunja mzizi mmoja, nikamkumbatia kiunoni, nikamtoa kama unavyong'oa muhogo. Viatu vyake vilibaki huko.

Nilimbeba mpaka 1241, tukatembea mpaka 1242, na katika 1243 ardhi ilianza kupanda chini ya miguu yetu. Alipotaka kusema neno, meno yake yaligongana.

Kwenye ukingo alikuwepo Badibanga na baiskeli yake, amekuja kusoma maji yangu. Alitutazama kutoka miguuni mpaka kichwani.

"Ile malaria yako," alisema, "imekupaka matope mupaka ndani ya masikio."

Nikajaribu kucheka, nikatapika.

Sikumwambia Odile kwamba niligeuka. Nilimwambia tulilomba na tumerudi. Alinunua kitambaa cha mtoto siku ile ile, cheupe, akakishona kwa mkono, na kila sindano iliyoingia mle ilinichoma mimi. Mimba ikafika mwezi wa saba. Nilikuwa naamka, naweka sikio karibu na mgongo wake, nasikiliza. Mwezi wa nane nilisoma maji vibaya mara tatu, mkubwa akaniuliza kama ninakunywa. Shangazi alihamia kwetu na mkeka wake. Alimlisha Odile, alimwogesha, na hakunitazama usoni. Nilijua kwa nini: alikuwa ameona nilichofanya. Alinyamaza kwa sababu ya Odile, na siku mtoto atakapokufa ndipo atakaposema.

Desemba, tarehe kumi na saba, saa nne asubuhi, tulikaa kwenye benchi la materinite, nje ya chumba cha kuzalia, shangazi na mimi. Ndani nilisikia Odile akipiga kelele, kisha akaacha. Nikamsikia nesi akisema "Ametoka." Kisha hapakuwa na sauti.

Nilingoja kilio. Nilisikia kofi dogo, la pili, la tatu. Maji yalimwagwa. Nesi alimwita mwenzake kwa jina, haraka haraka, na viatu vikakimbia.

Nikashindwa.

"Tantine, ni mi. Niligeuka na macho wazi. Niliona maji yote. Ni mi njo nimeirudisha ile jina."

Aligeuka polepole na kunitazama, kwa mara ya kwanza tangu Septemba.

"Weye?" alisema. "Mi njo niliangalia wa kwanza. Tulipovuka kijito. Ile sauti ilinishinda. Unafikiri kwa nini nilikanyaga vibaya?" Alijifunika mdomo kwa kitenge. "Miezi tatu sikulala. Nilisema nitakuambia nikiwa karibu kufa."

Ndani, mtoto akakohoa. Kikohozi kimoja chembamba, kama cha paka. Halafu akalia, kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa bila kuulizwa.

Sisi wawili hatukusimama. Tulishikana mikono pale kwenye benchi, wala hatukuthubutu kufurahi. Kila mtoto aliponyamaza kuvuta pumzi tulibanana vidole, mpaka aanze tena.